Usiulize nyama, uliza mchuzi: bia na mvinyo kwenye chakula cha nyumbani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro. Kila mwisho wa mwezi ndugu wanakuja kula kwetu, tunakuwa kama watu 8. Napika vyakula vyetu vya kawaida: pilau ya ng'ombe, ndizi nyama, samaki wa nazi, kisamvu, ugali, na mara nyingine kiti moto. Mwezi uliopita shemeji yangu alileta mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, chupa ya bei kweli, tukaunywa na pilau na kachumbari. Ulikuwa mchungu, unakausha mdomo na kuchoma kooni. Tuliumaliza kwa kumwonea haya tu. Waliokuwa na bia zao walikula kwa raha. Je, mvinyo haufai kwa vyakula vyetu? Na kama unafaa, nichague vipi bila kumaliza hela ya mwezi?

Jibu:

Marahaba dada yangu. Mvinyo unafaa kabisa kwa chakula chako, na inawezekana sana chupa ya shemeji ilikuwa nzuri. Kilichowagombanisha ni kachumbari. Sikuambii uache kutia pilipili, maana pilau bila kachumbari kali kwa wengi wetu haijakamilika. Nataka tu ujue nini kilitokea mdomoni mwenu siku ile, kwa sababu ukishalijua hilo, nusu ya maswali yako utajijibu mwenyewe dukani.

Nimefanya kazi hotelini zaidi ya miaka 20, nusu jikoni na nusu kaunta ya vinywaji, na lalamiko hili nimelisikia kuliko lingine lolote. Mgeni anaagiza mvinyo mwekundu, anachovya nyama kwenye pilipili, anakunywa, anakunja uso na kusema mvinyo umeharibika. Haujaharibika. Kinachowasha kwenye pilipili ni kemikali inayoitwa kapsaisini, na inagusa mishipa ile ile ya fahamu inayotuambia kitu ni cha moto. Alkoholi nayo inaichokoza mishipa hiyo hiyo. Mvinyo mwekundu mzito huwa na alkoholi ya asilimia 13 au 14, wakati bia ya Kilimanjaro ina asilimia 4.5. Kwa hiyo mwenye mvinyo alikuwa anaongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuwaka.

Juu ya hapo kuna ukakasi. Unaujua ukakasi: ndizi mbichi, bibo, chai iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kuwa kama umepakwa vumbi. Kwenye mvinyo mwekundu unatokana na tanini, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na wakati mwingine kwenye pipa la mbao ulimokaa. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakishapoteza utelezi wake, mdomo unakwaruza. Ukila nyama yenye mafuta na chumvi, tanini hupata kitu kingine cha kushikana nacho, chumvi nayo hupunguza uchungu, na mvinyo unalainika. Ukila vitunguu vibichi, ndimu na pilipili mbuzi, hakuna cha kuzituliza. Ndiyo maana mkaona uchungu, ukavu na moto, vyote kwa pamoja.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua kipande kidogo cha nyama ya kuchoma yenye mafuta kiasi na chumvi peke yake. Tafuna taratibu, na kabla hujamaliza kumeza piga funda dogo la mvinyo mwekundu. Utaona ukakasi umepungua na harufu ya matunda imejitokeza. Sasa chukua kipande kingine cha nyama hiyo hiyo, kichovye kwenye pilipili, kunywa mvinyo ule ule. Utadhani umebadilishiwa chupa. Halafu rudia kipande cha pilipili kwa bia ya baridi. Zoezi hili huwa nawafanyisha wahudumu wapya siku yao ya kwanza, na wengi hawahitaji somo jingine kwa wiki nzima.

Ile kanuni ya mvinyo mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama imetoka kwenye meza za Ulaya. Mfaransa anachoma nyama ya ng'ombe, anatia chumvi, siagi, labda mchuzi uliopikwa kwa mvinyo wenyewe. Pilipili mbuzi haipo, ndimu haipo, tui la nazi halipo. Kwetu ng'ombe huyo huyo anaweza kuwa pilau, mtori, rosti ya nyanya, mshikaki uliolala kwenye ukwaju, au mchuzi wa karanga. Hivyo ni vyakula vitano, na kila kimoja kinataka glasi yake. Perege wa kukaanga kwa ndimu na samaki wa nazi wametoka maji mamoja, lakini mezani hawafanani hata kidogo. Kwa hiyo mtu akiniuliza anywe nini, mimi simuulizi ni nyama gani. Namuuliza ni mchuzi gani.

Anza na pilipili kila mara, kwa sababu ndiyo inayotawala. Chakula kikiwasha, tafuta kinywaji cha baridi, chenye kilevi kidogo na kisicho na ukakasi, na kikiwa na utamu kidogo ni bora zaidi. Kisha angalia uchachu: ndimu, ukwaju, nyanya nyingi, embe bichi. Chakula kichachu kinataka kinywaji kichachu, la sivyo kinywaji kitaonekana kimepooza. Tatu ni mafuta na nazi, vinavyotaka kitu cha kukata utando ulimini, na hapo gesi ya bia au uchachu wa mvinyo mweupe vinafanya kazi nzuri. Mwisho ni moshi na kuungua: nyama ya mkaa, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, maini ya rosti. Hapo ndipo bia zenye kimea kilichokaangwa na mvinyo mwekundu vinapopata ndugu zao.

Na shukuru kwa wanga wetu. Ugali, wali na ndizi havina ladha ya kushindana na kinywaji chochote, vinafuta ulimi kati ya tonge na tonge.

Tuanze na pilau yako iliyoleta kesi. Viungo vya pilau, yaani bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, vina harufu nzito lakini haviwashi kama pilipili mbuzi. Mdalasini na karafuu hupatana vizuri na mvinyo mwekundu wenye harufu ya matunda. Kwa hiyo pilau yenyewe ni rafiki wa mvinyo. Tengeneza kachumbari mabakuli mawili: moja la nyanya, vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, tango na ndimu kidogo, jingine la pilipili, likae upande wa wanywa bia. Chagua mvinyo mwekundu mwepesi, uliopozwa, wenye utamu kidogo ukipenda. Kwa wenye bia, nawapa Safari. Ina kilevi cha asilimia 5.5 na ladha ya kimea inayosikika, na kimea hicho kinaendana na vile vitunguu ulivyokaanga mpaka vikabadilika rangi. Lakini kama mkono wako ni mzito wa pilipili kwenye pilau yenyewe, shuka kwenye bia nyepesi zaidi.

Ndizi nyama nitaisemea kwa kirefu, kwa sababu ndicho chakula nilichokulia.

Kwetu ni Uchagani, na hakuna mtu aliyewahi kutufundisha neno lolote la kuoanisha chakula na kinywaji. Lakini mbuzi alipochinjwa na mbavu zikawekwa mkaani, mbege ilikuwa imekwisha kuwa tayari tangu jana yake, na hakuna aliyefikiria kuleta kinywaji kingine. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kupeleka kata kwa wazee. Mzee anapuliza povu kidogo kando, anakunywa, midomo yake inabaki na machicha ya ulezi, anafuta kwa kiganja, kisha anarudi kwenye ubavu wenye mafuta. Mafuta, mbege, mafuta, mbege. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba wazee wale walikuwa na kanuni kamili mikononi mwao.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha juisi yake inachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya mti wa msesewa hutiwa ili kuleta uchungu, kazi ile ile ambayo kwenye bia ya kiwandani hufanywa na maua ya hopsi. Kinachopatikana ni kinywaji chenye utamu wa ndizi, uchachu unaokata mafuta, uchungu kidogo mwishoni na kilevi cha wastani. Ukikiweka karibu na ndizi zilizopikwa na nyama ya ng'ombe, ndizi inakutana na ndizi, na uchachu unainua mchuzi ambao peke yake ungekuwa mzito. Kwangu mimi hakuna kinywaji cha duka kinachoifikia hapo. Ukipata mbege safi kutoka kwa mama mpishi unayemwamini, itumie siku hiyo hiyo, maana haikai.

Usipoipata, angalia ndizi zako umezipika vipi. Zikiwa na nyanya na nyama ya mifupa, bia ya Serengeti inafaa sana, au mvinyo mwekundu mwepesi. Ukizitia nazi, acha kabisa mwekundu, twende kwenye mweupe.

Hapo tunafika kwa samaki wa nazi, na kama utanunua chupa moja tu ya mvinyo mwaka huu, inunue kwa ajili ya sufuria hii. Tafuta mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu aina ya Chenin Blanc. Zabibu hii inalimwa sana Afrika Kusini, na inalimwa Dodoma pia, kwa hiyo huhitaji kutafuta duka la wageni. Sababu ya kuipenda ni kwamba inatunza uchachu wake hata kwenye nchi ya joto. Tui la nazi lina utamu na mafuta mengi. Ukinywa kitu kisicho na uchachu, baada ya vijiko vitano unachoka, unaona chakula kimekuelemea. Chenin Blanc ya baridi inapita kama ndimu iliyokamuliwa kwa mkono mwepesi, ulimi unasafika na unatamani tena mchuzi. Katia samaki tangawizi na kitunguu saumu, ile pilipili mbuzi iache nzima ielee juu bila kupasuka, harufu yake itabaki na ukali wake hautaingia kwenye mchuzi.

Mvinyo mwekundu kwa samaki uogope, na sababu yake inajulikana. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na samaki huamsha shombo mdomoni. Ni shombo lile lile unalolitoa kwa ndimu na chumvi kabla ya kupika. Umefanya kazi yote ile ya kuliondoa jikoni, halafu glasi inalirudisha mezani. Dagaa wakavu ndio wakali zaidi kwa hili. Kwa dagaa wa Kigoma na ugali mimi sitii mvinyo wowote, nakunywa bia ya baridi na naridhika.

Kiti moto ni bia, na sitabishana na mtu yeyote kwa hilo. Nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa mafuta yake mpaka kingo zimekauka, ndizi za kukaanga pembeni, ndimu na chumvi: kila kitu hapo kinaomba gesi na baridi. Viputo vya gesi vinafanya kama burashi ulimini, na uchungu mdogo wa hopsi unamaliza mafuta. Kilimanjaro inatosha kabisa. Akitokea mgeni asiyekunywa bia, mpe mvinyo wa pinki ulio mkavu na baridi sana, usimpe mwekundu mzito. Mvinyo huo wa pinki hutengenezwa kwa zabibu nyekundu ambazo maganda yake yameachwa kwenye juisi kwa muda mfupi tu, kwa hiyo una harufu za mwekundu bila ukakasi wake. Ni chupa yenye msaada mkubwa ukiwa na meza ya watu wenye sahani tofauti.

Huo huo wa pinki nitautumia kwa kisamvu. Majani yana uchungu wake wa asili, karanga na nazi zina uzito, na ukiweka mvinyo wenye tanini unajenga uchungu juu ya uchungu. Maharage ya nazi hayana shida, yanapokea karibu kila kitu. Makande nayapenda na stauti, zile bia nyeusi, kwa sababu shayiri yake imekaangwa mpaka ikapata harufu ya kahawa, na mahindi na maharage yaliyokaa jikoni muda mrefu yana utamu wa chini chini unaoipokea harufu hiyo. Rosti ya maini pia. Lakini soma chupa kabla: stauti nyingi zinazouzwa huku zimezidi bia ya kawaida kwa kilevi, nyingine zinavuka asilimia 6, kwa hiyo kanuni ya pilipili inazihusu hata kama ni bia.

Sasa suala la joto, ambalo kwa maoni yangu linaharibu mvinyo mwingi zaidi hapa kwetu kuliko jambo jingine lolote. Watu wameambiwa mvinyo mwekundu unywewe bila kuwekwa kwenye friji, katika joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya Ulaya ya zamani, nyuzijoto 16 hadi 18. Morogoro mchana sebule inafika 28, hata 30. Mvinyo ukiwa na joto hilo, alkoholi inapanda puani kabla ya harufu ya zabibu, na kinywaji kinakuwa kizito kama dawa ya kikohozi. Weka mwekundu kwenye friji kwa dakika 30 kabla ya kula, kisha utoe. Mweupe na wa pinki uweke saa mbili au zaidi. Umeme ukikatika, chukua ndoo, tia barafu, maji na kiganja cha chumvi, zamisha chupa kwa dakika 15 hadi 20. Maji ni lazima, barafu tupu inaigusa chupa sehemu chache tu. Nina uhakika kabisa chupa ya shemeji ilikaa juu ya meza tangu alipofika.

Kwa bia, mhudumu wa baa huuliza "ya baridi au ya moto?" na wazee wengi bado husema ya moto, maana yake isiyotoka kwenye friji. Usiwasahihishe. Stauti ya moto ina harufu nzuri zaidi kuliko ile ya baridi kali. Lakini bia nyepesi za rangi ya dhahabu ziweke baridi, hasa penye pilipili. Usizifikishe tu kuganda, kwa sababu ulimi uliokufa ganzi hausikii kimea wala hopsi, na hapo utakuwa umelipia maji.

Umeniuliza hela. Jibu langu ni Dodoma. Zabibu zilifika huko kwa mikono ya wamisionari, na kwa sababu ya hali ya hewa ya pale mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Kuna mivinyo ya Hombolo na sehemu nyingine za mkoa huo ambayo ni mizuri kwa chakula cha nyumbani, na bei yake ni nafuu kuliko ya chupa nyingi zilizosafiri. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumezoea ule mtamu tu, tukadhani mvinyo wa Dodoma wote ni mtamu. Soma lebo. Ikiandikwa "dry" ni mkavu, ndio wa kula nao samaki wa nazi. Ikiandikwa "medium" au "semi-sweet" una utamu wa kiasi, na huo mwekundu wake ukiupoza utaokoa pilau yenye pilipili kidogo. Ulio "sweet" subiri nao mpaka chakula kiishe. Dompo pia, ambao ni mtamu na una kilevi kingi kuliko mvinyo wa kawaida, mpe mgeni glasi ndogo sana pamoja na kaimati au kashata ya nazi. Kinywaji kwenye kitamtam kinatakiwa kiwe kitamu kuliko kitamtam chenyewe, vinginevyo kitaonekana kichachu, na Dompo haishindwi hapo.

Angalia pia duka limezitunza vipi. Niliwahi kununua chupa 12 za harusi ya ndugu kwenye duka lililopanga mvinyo dirishani, jua la saa tisa likizipiga moja kwa moja. Nilikuwa na haraka, sikuwaza. Nusu ya zile chupa zilikuwa na ladha ya jemu iliyochemshwa kupita kiasi, na mbili zilikuwa zimeelekea siki. Siku hizi namwomba muuzaji anitolee kutoka kwenye boksi nyuma ya duka, natazama kama kizibo kimejisukuma juu au shingo ina michirizi, na nikiona hivyo nairudisha. Kwa bia ni vile vile, hasa za chupa ya kijani au nyeupe. Mwanga unaivunja ile sehemu ya hopsi inayoleta uchungu na kutoa harufu mbaya, na juani haichukui muda mrefu. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, kopo linakinga kabisa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za mililita 150. Kwa watu 8, ambao kama kawaida 3 au 4 watataka bia, chupa moja nyeupe na moja nyekundu zinatosha. Huna haja ya kununua ya bei kubwa kwa chakula chenye viungo vingi, maana zile harufu nyembamba unazozilipia kwenye chupa ghali hazitasikika mbele ya bizari na kitunguu saumu. Kama mnakunywa kidogo kidogo kwa siku nyingi, mvinyo wa boksi lenye bomba una faida yake: mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na unakaa wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa irudishie kizibo, weka kwenye friji, imalize ndani ya siku 3. Ikibaki zaidi ya hapo, mwaga kwenye rosti ya nyama badala ya siki, au igandishe kwenye vile vijitreyi vya barafu uwe unatoa kipande kimoja kimoja.

Na kati ya watu 8 hawakosekani wasiokunywa: mjamzito, dereva, mwenye dawa zake, aliyeamua tu au ambaye dini yake haimruhusu. Hawa usiwawekee soda ya kubahatisha. Juisi ya ukwaju yenye sukari kidogo inafanya kwa mafuta na pilau kazi ile ile inayofanywa na mvinyo mchachu, na kwa samaki wa nazi maji ya ndimu na tangawizi yanapendeza kweli. Wapimie kwa kanuni zile zile. Jagi la maji liwe mezani kwa wote.

Sasa shemeji yako, kwa sababu naona unamjali. Nyama ya ng'ombe iliyochomwa kwa chumvi tu ndiyo iliyokuwa ikiisubiri ile chupa. Kama ilikuwa Pinotage, zabibu iliyozalishwa Afrika Kusini mwaka 1925, mivinyo yake mingi ina harufu kama ya moshi inayopendana na mkaa. Mwambie mwezi huu alete ile ile. Wewe nunua mbavu zenye mafuta, paka chumvi, na unapoziweka mkaani chupa iingie kwenye friji. Zikikaribia kuiva ifungue, wape wanaotaka glasi isiyojaa zaidi ya nusu ili harufu ipate nafasi, kachumbari isiyo na pilipili iwe karibu na ile kali iwe mbali, upande wa bia. Ubavu wa kwanza kutoka mkaani mpe yeye, aule na mvinyo wake kabla hajagusa kitu kingine chochote.